Kichwani uvae kipi: NeuroSky, Muse, Emotiv au OpenBCI?

Karibu kila anayepata kifaa cha kusoma ubongo huanza na jaribio lilelile. Unakivaa, unakaa kimya, unafumba macho. Sekunde chache baadaye, katikati ya mistari inayorukaruka kwenye skrini, linaibuka wimbi la taratibu lenye mapigo kama 10 kwa sekunde. Ukifumbua macho linazama, ukifumba tena linarudi. Hilo ni wimbi la alfa, ambalo daktari Mjerumani Hans Berger alilieleza mwaka 1929, miaka mitano baada ya kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza huko Jena. Mtu akiliona la kwake mwenyewe huduwaa kidogo, kisha huuliza: sasa naweza kusogeza kipanya kwa mawazo?

Inategemea umevaa nini, na kusogeza huko unakotaka ni kwa namna gani. Wanaoanza hukwama kati ya vifaa vinne: NeuroSky MindWave, Muse, Emotiv EPOC X na OpenBCI. Vyote hufanya kazi ya EEG, yaani hupima umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa bila kutoboa chochote, na matangazo yake yanakaribiana kwa maneno. Ukivipanga mezani, hata hivyo, utaona havikutengenezewa mtu mmoja.

Tunapima umeme mdogo kiasi gani

Umeme unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni kama mikrovolti 10 hadi 100. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5, kwa hiyo ukilinganisha na wimbi la mikrovolti 50, betri hiyo inalizidi mara 30,000. Kabla ya kufika hapo wimbi limetoka kwenye maelfu kwa maelfu ya seli za neva zilizofanya kazi kwa pamoja, likapita kwenye majimaji, mfupa na ngozi, na njiani limefifia na kuchanganyika na mengine. Ni kama kusikiliza mvua ukiwa ndani ya nyumba ya bati: unajua imeongezeka au imepoa, lakini huwezi kuhesabu tone moja moja. Ndiyo maana hakuna kifaa kati ya hivi vinne kinachosoma neno ulilolifikiria. Kinachosomwa ni hali: macho yamefumbwa, umetulia, umeshtushwa na kitu ulichokuwa unakisubiri, umefikiria kukunja mkono.

Halafu kuna misuli. Misuli ya taya, paji la uso na macho hutoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo, na hukaa papo hapo chini ya vihisi. Nilishawahi kutumia jioni nzima kujifunza kuinua boksi kwenye skrini, kwa kifaa ambacho sitakitaja kwa sababu kosa halikuwa lake. Kufikia saa tatu usiku boksi lilikuwa linapaa kila nikilitaka. Rafiki aliyekaa pembeni ndiye aliyeniuliza kwa nini nasaga meno. Nilipolegeza taya, boksi likalala chini na halikunyanyuka tena usiku ule.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni mahali vihisi vilipo. Wengi huuliza idadi, nayo ina maana, ila mahali pana uzito zaidi. Alfa huonekana vizuri zaidi kisogoni. Kufikiria kukunja mkono wa kulia hupunguza wimbi liitwalo mu upande wa kushoto wa utosi, sehemu ambayo ramani ya kimataifa ya vihisi huiita C3. Kwa mkono wa kushoto ni C4, upande wa pili. Kifaa kikiahidi kujua ni mkono gani unaoufikiria, tazama kwanza kama kina kihisi karibu na sehemu hizo mbili.

Cha pili ni uvaaji: maandalizi ni dakika ngapi, na nywele zako zinakubali? Hili halizungumzwi vya kutosha. Vihisi vingi vilibuniwa kana kwamba kila mtu ana nywele fupi zilizolala. Nywele nzito za kujikunja, au zilizosukwa, hukiinua kihisi kikaacha ngozi, na kihisi kisichogusa ngozi kinarekodi upepo. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne na wenzake walionyesha mwaka 2020 njia ya kusuka mistari inayofuata ramani ya vihisi, ngozi ikabaki wazi kati ya msuko na msuko, kisha kihisi walichokiita Sevo kikabanwa palepale. Nimelitaja kwa sababu wapo waliorudisha vifaa dukani wakidhani ubongo wao una kasoro.

Cha tatu ni data ghafi: nani anaishika? Kuna kifaa kinachokupa mawimbi yenyewe, na kuna kinachokupa namba iliyokwisha kupikwa, "utulivu 72", bila kukuonyesha imepikwaje. Pia kuna suala la mawimbi yako kuhifadhiwa kwenye seva ya mtu mwingine. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Chile iliiamuru Emotiv ifute data ya ubongo ya aliyekuwa seneta, Guido Girardi, ambaye alinunua kifaa chao kidogo cha Insight na kukitumia. Mwaka uliofuata majimbo ya Colorado na California nchini Marekani yaliingiza data ya neva katika sheria zao za faragha. Na usisahau uhai wa kampuni. NextMind ya Paris iliuza kifaa cha kisogoni kilichosifiwa sana. Kampuni ya Snap, wenye Snapchat, iliinunua mwezi Machi 2022 na kifaa kikasitishwa. Kifaa kisichofanya kazi bila seva ya kampuni iliyokitengeneza huishi kwa idhini yake.

Cha nne ni amri unazoweza kutoa. Njia zinazofanya kazi kwa EEG ni chache. Unaweza kutazama vitu vinavyomweka kwa kasi tofauti na kompyuta ikatambua unatazama kipi. Unaweza kusubiri herufi yako iwake, na ubongo ukatoa wimbi la P300 baada ya kama theluthi ya sekunde. Unaweza kufikiria mwendo wa mkono. Kwa watafiti ni jambo la kawaida kwamba sehemu ya watu, mara nyingi hutajwa 15 hadi 30 kati ya 100, hawapati udhibiti unaotosha hata wakifundishwa. Mwenye historia ya kifafa kinachoamshwa na mwanga asijaribu ile ya kumweka bila kuongea na daktari wake.

NeuroSky MindWave

Vihisi: kimoja tu, kikavu, kwenye paji la uso upande wa kushoto, na klipu kwenye ndewe ya sikio kama rejea. Huchukua sampuli 512 kwa sekunde, yaani hupima wimbi mara 512, kasi nzuri kwa kifaa kidogo hivi, lakini unachungulia nyumba nzima kwa tundu moja la ufunguo.

Uvaaji: nusu dakika. Hakuna maji wala jeli, na kwa kuwa kihisi kiko usoni, nywele hazina neno.

Data: mawimbi ghafi yanapatikana, na itifaki yake, yaani kanuni inayotumia kutuma data, inajulikana kiasi kwamba wanafunzi wengi wameandika programu zao wenyewe za kuisoma. Wengi lakini huishia kwenye namba mbili zilizopikwa, umakini na utulivu, kila moja kuanzia 0 hadi 100. Teknolojia hiihii ndiyo iliyokuwa ndani ya Mindflex, mchezo wa Mattel wa mwaka 2009 ambao mpira hupanda juu ya feni kadiri unavyokaza akili.

Amri: kupepesa macho, na kupandisha au kushusha namba. Kupepesa ni amri ya uhakika kuliko zote, na inatoka machoni, si kwenye ubongo, wala hakuna cha aibu. Roboti inayosimama ukipepesa mara mbili ni somo zuri kwa anayejifunza. Ukitaka kushoto, kulia, mbele na nyuma, kihisi kimoja hakitoshi, hata uandike programu nzuri namna gani.

Kinamfaa mwalimu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mtu anayetaka kujua kama mambo haya yanampendeza kabla ya kutoa fedha nyingi. Kati ya vinne hiki ndicho chepesi kwa mfuko.

Muse

Kinatengenezwa na InteraXon ya Toronto na kimekuwepo sokoni tangu 2014. Nia yake inajulikana: kukusaidia kutafakari, na kwa toleo la kitambaa la Muse S, kufuatilia usingizi. Unafumba macho, unasikia upepo. Akili ikitangatanga upepo unavuma zaidi; ikitulia, unapoa, na ukikaa vizuri ndege wanalia. Inasikika kama mchezo wa watoto mpaka ujaribu dakika kumi mfululizo.

Vihisi: vinne vikavu, viwili pajini na viwili nyuma ya masikio, sampuli 256 kwa sekunde. Matoleo ya karibuni yameongeza kupima mapigo ya moyo na mwendo wa kichwa. La 2025, Athena, linapima pia oksijeni ya damu kwenye ubongo kwa mwanga. Nyuma ya masikio alfa inaonekana vizuri kiasi cha kushangaza. Juu ya utosi hakuna kitu, kwa hiyo mambo ya C3 na C4 yasahau.

Uvaaji: dakika moja. Nywele ndefu zinazoziba nyuma ya masikio zirudishwe, na ngozi kavu sana ilowanishwe kwa kidole chenye maji. Kati ya vinne, hiki pekee ndicho ningempa mtu asiyependa vifaa.

Data: hapa ndipo watu wanapogombana. Programu ya kampuni hukupa grafu za kikao, si mawimbi. Watafiti na wapenzi wa kuandika programu wametegemea zana za watu wa nje, kama programu ya simu ya Mind Monitor na maktaba huria ya programu iitwayo muselsl. Zinafanya kazi vizuri, na kuna utafiti uliochapishwa kwa njia hiyo, lakini toleo jipya la kifaa likitoka, zana za nje husubiri mtu wa kujitolea azirekebishe.

Amri: kwa hali ilivyo, si kifaa cha kuamrisha. Kupepesa, kusaga meno na alfa vitakupa swichi mbili tatu.

Kinamfaa anayetaka tabia ya kutulia au kuelewa usingizi wake, na mtafiti anayehitaji watu wengi wakae na kifaa majumbani bila msaidizi. Asiyetaka programu imwambie kama ametulia atakichoka kwa wiki mbili. Wapo wanaopata wasiwasi hasa kwa sababu ndege hawajalia.

Emotiv EPOC X

Vihisi: chaneli 14, yaani njia 14 za kupimia, zilizotawanyika kutoka pajini hadi kisogoni, sampuli 128 au 256 kwa sekunde. Hilo ni eneo kubwa kwa kifaa cha dukani. Angalia ramani yake lakini: ina FC5 na FC6, majirani wa mbele wa sehemu za mikono, ila C3 na C4 zenyewe hazimo. Mikono yake ya plastiki ina umbo moja, huwezi kuihamisha utakavyo.

Uvaaji: vipande vya kitambaa kizito vinalowekwa maji ya chumvi na kupachikwa kimoja kimoja. Mara ya kwanza utatumia dakika ishirini, ukizoea ni tano au zaidi kidogo. Programu inakuonyesha picha ya kichwa, kila kihisi na rangi yake, nawe unasugua na kusogeza mpaka vyote viwe kijani. Maji yakikauka katikati ya kazi, rangi zinaanza kurudi nyuma moja baada ya nyingine. Baada ya kazi vitoe uvikaushe. Ukiviacha humo vyuma vinaota kutu ya kijani. Nywele nzito zinawezekana, kwa subira na kugawanya nywele kwa kitana.

Data: vipimo vilivyopikwa unavipata kwa urahisi, mawimbi ghafi ni kwa leseni ya kulipia. Kabla ya kununua, piga hesabu ya kifaa pamoja na leseni ya muda wote wa mradi wako, maana kwa mradi mrefu leseni si gharama ya pembeni.

Amri: huyu ndiye mwenye mafunzo yaliyoandaliwa vizuri zaidi. Kuna boksi linaloelea kwenye skrini. Unarekodi kwanza hali ya kutofanya lolote, kisha unarekodi wazo la kulisukuma, na mashine inajifunza tofauti. Amri moja watu wengi huipata. Ya pili huanza kuingiliana na ya kwanza, na kufikia ya tatu na ya nne utahitaji siku nyingi za mazoezi na wazo lisiloyumba. Muombe mtu akutazame taya.

Kinamfaa msanii anayetaka onyesho, maabara ndogo, kampuni inayopima jinsi watu wanavyopokea bidhaa, na asiyetaka kuandika programu lakini anataka kugusa amri za mawazo kwa kweli.

OpenBCI

Joel Murphy na Conor Russomanno walichangisha fedha mtandaoni mwishoni mwa 2013, na michoro ya ubao wao wa saketi wakaiweka wazi kwa kila mtu. Usitegemee boksi lenye kifaa kilichokamilika. Unanunua ubao wa Cyton, halafu jinsi ya kuvaa vihisi kichwani utajua mwenyewe.

Vihisi: chaneli 8, au 16 ukiongeza ubao wa pili, kwa chipu ya ADS1299 ya Texas Instruments iliyobuniwa kwa ajili ya ishara ndogo kama hizi. Sampuli ni 250 kwa sekunde, zikishuka hadi 125 ukituma chaneli 16 bila waya. Sifa yake kubwa ni kwamba kila kihisi unakiweka unapotaka. C3? Weka. Ukitaka moyo au misuli ya mkono, ubao uleule unapima.

Uvaaji: ni wa kujitafutia. Fremu ya Ultracortex unaweza kuichapa kwa printa ya 3D, na vihisi vyake vikavu vina meno kama kitana yanayopenya nywele. Nusu saa ya kuivaa, ngozi inalalamika. Vikombe vidogo vya chuma na jeli nzito hutoa mawimbi safi zaidi, na utaosha nywele jioni. Kwa nywele zilizosukwa, njia ya vikombe ndiyo bora kati ya zote nilizozitaja, kwa kuwa unafuata njia iliyo wazi kati ya mistari. Ubao hutumia betri, na ubaki hivyo. Usimfunge mtu waya zilizounganishwa na umeme wa ukutani.

Data: yote ni yako, sampuli kwa sampuli, kwenye kompyuta yako. Hakuna akaunti wala leseni. Maktaba ya programu ya BrainFlow inakuwezesha kuisoma kwa Python na lugha nyingine za kompyuta, na mradi ukisimama, watu wenye michoro wataendelea.

Amri: chochote unachoweza kukiandika. Hakuna boksi linaloelea la kukufundisha. Utakutana na mlio wa umeme wa nyumbani wa 50 au 60 kwa sekunde ukiwa umefunika kila kitu, utajifunza kuchuja, utagundua waya mmoja umelegea. Wengine hilo ndilo wanalolitafuta.

Kinamfaa mhandisi, mwanafunzi wa shahada, na kikundi chenye angalau mtu mmoja anayependa kutafuta hitilafu usiku. Anayetaka matokeo leo jioni atakifunga kwenye boksi na kukisahau kabatini.

Na zile habari za maabara?

Mtu anayesoma kwamba mgonjwa ameandika kwa mawazo huja dukani akitafuta hicho. Sicho kilichopo. Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA) ndiye aliyeupa uwanja huu jina la BCI, yaani kiunganishi cha ubongo na kompyuta, mwaka 1973. Mwaka 1988 watafiti Farwell na Donchin wakaonyesha kuandika kwa P300, kwa kuwasha safu za jedwali la herufi, kama herufi 2 kwa dakika. Kasi kubwa tunazozisikia leo zimetokana na kufungua fuvu. Mwaka 2021 kundi la watafiti la BrainGate lilionyesha mtu aliyepooza akiandika herufi 90 kwa dakika kwa kufikiria mwandiko wa mkono. Mwaka 2023 maabara za vyuo vikuu vya Stanford na UCSF (California, San Francisco) zilifikisha maneno 62 na 78 kwa dakika kwa watu waliopoteza uwezo wa kuzungumza. Kampuni ya Neuralink ilipandikiza kifaa chenye elektrodi (vihisi vidogo) 1,024 kwenye ubongo wa Noland Arbaugh, mtu aliyepooza, Januari 2024, akacheza sataranji kwenye kompyuta, na baadaye nyuzi kadhaa za kifaa zikachomoka kwenye ubongo. Kampuni ya Synchron inapitisha chake ndani ya mshipa wa damu kutoka shingoni, bila kufungua fuvu.

Upande mwingine kuna mkanda wa mkononi. Facebook iliinunua kampuni ya CTRL-labs mwaka 2019, na tangu 2025 Meta (jina jipya la Facebook) inauza mkanda unaosoma umeme wa misuli kwenye kifundo cha mkono pamoja na miwani yake. Ubongo haumo kabisa, lakini utafiti wao wa mwaka huohuo ulionyesha kuandika maneno kama 21 kwa dakika bila upasuaji. Kwa mtu mwenye mikono mizima, hiyo inaacha nyuma kifaa chochote cha kichwani.

Ukiwa katika hali gani, shika kipi

Unataka tu kuliona wimbi lako la alfa na kuonyesha darasa: NeuroSky kwa gharama, Muse kwa uzuri wa picha, maana ile ya nyuma ya masikio inaonekana zaidi.

Unalala vibaya au unataka kujizoeza kutulia: Muse. Kama usingizi umekuharibikia kwa miezi, daktari kwanza, kwa kuwa kifaa hiki hakigundui ugonjwa.

Una onyesho baada ya mwezi mmoja, hadhira ikutazame ukiinua kitu kwa mawazo: EPOC X, amri moja, mazoezi ya kila siku, na chupa ya maji ya chumvi mfukoni.

Unaandika tasnifu na msimamizi atakuuliza mawimbi yamechujwaje: OpenBCI. Kama maabara haina mtu wa kuandika programu lakini ina bajeti, EPOC X na leseni yake.

Hutaki ubongo wako uhifadhiwe kwa mtu mwingine: OpenBCI, au NeuroSky ukiisoma kwa programu uliyoiandika au kuikagua.

Una nywele zilizosukwa na huna nia ya kuzifumua: NeuroSky na Muse kwa matumizi mepesi, OpenBCI kwa vikombe na jeli kwa kazi ya kina.

Unamtafutia ndugu aliyepoteza mikono na sauti: usianzie kwenye vifaa hivi vinne. Kama macho yake bado yanasogea, kifaa cha kufuata macho kitamwandikia haraka zaidi kuliko EEG yoyote ya dukani, bila maji wala jeli. Macho yakishindwa, ndipo muongee na daktari wa neva kuhusu majaribio ya vipandikizi yanayopokea wagonjwa, na P300 ibaki kuwa ya kujaribu mkiwa mnasubiri.